Dishi Lililosikiliza Mawingu

Ninyi vijana ambao mkiona dishi juu ya bati hamgeuzi hata shingo, nisikilizeni kabla hamjacheka. Mimi sikusoma, niliishia darasa la nne, na haya nayaandika polepole kwa mkono wangu kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwepo. Nilizaliwa wapi, baba alikuwa nani, mahari yalikuwa ng'ombe wangapi, hayo waulizeni wengine, mimi hayanihusu leo. Nasema habari ya mwaka mmoja tu, mwaka wa njaa, nilipokuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni na mwingine wa kumshika mkono, na mume wangu Elia alikuwa bado anahesabiwa mtu wa kijiji.

Yamenirudia kwa sababu ya msiba. Juzi tumemzika mama mkwe wangu, Bibi Mbeleje, kulekule kijijini, kaskazini ya Makutupora, ambako mashamba ya zabibu yanakwisha na miiba inaanza. Tulikuwa wanawake nyuma ya nyumba tunapika wali wa msiba, moshi unatutoa machozi ya pili, na wasichana wawili waliokuwa wanachambua mchele wakaanza soga. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba marehemu ndiye aliyeifungua mvua zamani, ilipokuwa imefungwa na mwanamume mmoja kwa dishi. Mwenzake akauliza mwanamume gani. Yule akasema hamjui, alishakimbia, mchawi tu. Wakacheka kidogo, wakaendelea kutupa mawe ya mchele. Mimi nikainua macho. Juu ya bati la ile nyumba lilikuwepo dishi. Kwa jirani, dishi. Kwa Mama Chilewa, jirani yetu wa enzi zile, dishi, tena kubwa kuliko ya wenzake. Yote yameelekea upande mmoja kama ng'ombe wanaoupa upepo mgongo. Nikamuuliza yule msichana, la kwenu limefunga nini? Hakuelewa. Akaniamkia shikamoo bibi, akadhani nimemuuliza habari za nyumbani. Nikaitikia marahaba, nikarudi kugeuza wali, maana wali wa msiba ukiungua watu wanasema wafiwa hawana uchungu.

Mwaka ule tulikaa kwenye tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, fupi, ukinyoosha mkono unaligusa. Ndama walilala upande mmoja, mimi na Elia na watoto upande wa pili, na mama mkwe alikuwa na chumba cha mwisho kwa sababu mzee wake alishafariki na hakupenda kelele. Kati ya chumba chake na chetu palikuwa na ukuta wa fito na udongo uliopasuka, kikohozi chake nilikijua kuliko changu. Kihenge cha nafaka kilikuwa pale katikati. Mwaka ule ukikigonga kinalia kama ngoma. Tulikula ugali wa uwele mchana, mlenda wa kukausha kila siku, na jioni uji wa ubuyu ambao watoto waliunywa wamefumba macho.

Elia alikuwa anabeba magunia mjini Dodoma, dukani kwa Mzee Karimu, Mhindi mmoja mwenye roho ya utani. Alikuwa akienda Jumatatu na kurudi Ijumaa. Basi yule mzee akabadilisha televisheni yake, kampuni mpya imekuja na dishi lake, lile la zamani na risiva yake vikatupwa ua wa nyuma pamoja na maboksi. Elia akaomba. Mzee Karimu akamwambia, chukua, lakini kwenu hata umeme hamna, utaangalia picha za mbuzi? Elia akacheka naye, akalibeba dishi mgongoni kama kobe mpaka kituo cha mabasi. Fundi mmoja wa redio, Mrangi wa Kondoa aliyekaa kibarazani pa duka lilelile, akampa na kipimo kibovu, kile mafundi wanachotumia kutegea dishi, kinacholia mluzi likipata mahali pake. Mshale wa kile kipimo ulikuwa umekufa lakini koo lake lilikuwa zima.

Ile risiva haikuwa na picha tena. Elia aliifungua kwa kisu changu cha kumenyea, akatoa matumbo yake yote, akayatandaza kwenye ngozi ya mbuzi, akakaa anayatazama kama mtu anayechagua mbegu. Alivyovitaka akavibakiza: matundu ya kuchomekea waya, kitufe cha kuzungusha, nyaya, na kasha lenyewe. Ndani ya kasha akapachika kile kipimo. Akaunga betri ya gari iliyozeeka, akaongeza betri nne za redio ili nguvu itoshe, waya ukapanda mpaka kwenye dishi, kwenye kile kichwa kinachokaa mbele yake kama jicho. Akaliweka juu ya paa la tembe. Nikasubiri picha. Ikatoka sauti, mluzi mwembamba wa mbu, basi.

Akaniita nipande. Akalielekeza dishi mbinguni, mluzi ukashuka hadi karibu kunyamaza. Akaligeuzia ukutani kwa jirani, ukapanda. Akalielekeza kwenye jua, ukapiga kelele mpaka mtoto mgongoni akashtuka. Halafu akanielekezea mimi, tumboni, na nikasikia unapanda.

"Hata wewe unalia," akaniambia. "Kila chenye joto kinalia. Mbingu tupu ni baridi, ndiyo maana imenyamaza."

Nikamwambia kelele hiyo haijazi chungu. Akasema anajua. Hakubishana nami. Elia hakuwa mtu wa kubishana, na hilo ndilo lililomponza, maana kuna maswali ukiyajibu kwa ukweli mfupi unakuwa umejichimbia. Kila Ijumaa akifika, ananawa, anakula, mkono mmoja kwenye mlenda na mwingine kwenye kitufe. Wingu jeupe likipita anasikiliza, haliongezi kitu. Wingu jeusi la mbali linaongeza, anatikisa kichwa kama aliyeambiwa siri. Nilimuona ameridhika wakati watu wote tumekunja nyuso. Sasa hivi nikiwaza naona kwamba mwaka wa njaa unaweza kumsamehe mwizi, anayeiba ana njaa na kila mtu anaielewa. Anayeridhika hasamehewi.

Mvua ilikuwa imenyesha mara moja mwanzoni, tukapanda, mbegu zikaota urefu wa kidole, zikaungua. Tukapanda tena zile tulizoficha. Zikakaa ardhini kama mawe. Mawingu yalikuwa yanakuja kila mchana kutoka mashariki, meusi, mazito, watu wanatoka nje wanasimama, wanawake wanaweka masufuria chini ya paa, halafu yanapita. Na kila yakija, nani yuko juu ya paa? Elia, kama ni siku zake za kuwa nyumbani. Anayafuata na dishi. Kijiji kiliona hivi: wingu linakuja, Elia analigeuzia lile bakuli lake, wingu linaondoka. Macho hayakuwadanganya, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama Chilewa, jirani yetu, alikuwa wa kwanza kulisema kisimani, tena kwa mzaha, kwamba wachawi wa kwao walikuwa wakipaa na ungo usiku, huyu wa kwetu kautega mchana kweupe anyweshe ng'ombe wake. Wanawake wakacheka. Siku zilizofuata akalisema tena na hawakucheka.

Mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe, Jumamosi asubuhi, na wazee wawili. Wakasalimia mbukwa, wakaitikiwa, wakapewa viti, wakakataa maji. Nilikuwa nasaga uwele pembeni, nikasikia yote. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kusaidiwa.

"Elia, hicho ni cha kazi gani?"

"Nasikiliza tu, baba."

"Unasikiliza nini?"

"Mawingu."

"Kinakupa nini?"

"Hakinipi kitu."

Wale wazee wakatazamana. Hapo ndipo palipokwisha. Angesema kinampa habari za mpira, wangeenda zao. Angesema anatafuta namna ya kukiuza, wangemuombea heri. Lakini kitu kisichompa mtu faida, na bado anakihangaikia na njaa hii, watu wa kwetu wanajua lazima kinampa, ila hakisemeki. Walipoondoka nilimwambia waziwazi: nenda kwa mwenyekiti kesho kanisani, mwambie ni televisheni imeharibika, unatafuta picha. Sijuti kusema hivyo, na leo ningelisema tena. Elia akanijibu kwamba watakuja kuitazama hiyo picha, naye atawaonyesha nini. Nikamwambia basi lishushe. Akalitazama dishi, akanitazama mimi, akasema, "Mama Yona, sijamkosea mtu." Kana kwamba hilo ndilo lililoulizwa.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana najua mjini mmelisahau. Kwetu Wagogo nchi ikiharibika, mvua ikigoma au ng'ombe wakifa ovyo, wanawake ndio wanaoitoa ile mbaya, yaani nuksi iliyoingia kijijini. Siku hiyo mwanamke anavaa nguo za mume wake, koti, suruali, kofia, anashika fimbo ya kuchungia, na wanawake wote wanapita nyumba kwa nyumba wakiiswaga ile mbaya kama wanavyoswaga ng'ombe, mpaka mpakani upande wa machweo, waitupe huko. Wanaume wanakaa ndani. Mwanamume akitoka kuchungulia anapigwa fimbo na hakuna wa kumtetea, hata mwenyekiti. Na aliyeongoza jambo hilo kijijini kwetu, kwa umri wake na kwa kauli yake, alikuwa mama mkwe wangu.

Walimjia mchana mmoja, wiki ambayo Elia hakwenda mjini. Nilikuwa chumbani namnyonyesha mtoto, na ukuta ule uliopasuka haukuficha kitu. Niliisikia sauti ya Mama Chilewa, na za wengine watatu au wanne. Waliongea kwa adabu, wakamuita mama, wakamwambia wanajua ni mwanawe. Wakamwambia vijana wa kiume wameanza kusema watamfuata Elia shambani, na vijana wakianza hawana breki. Halafu Mama Chilewa akasema neno ambalo nadhani walikuwa wamekubaliana njiani.

"Umtoe wewe, mama, au watamtoa wao."

Mama mkwe alikohoa kile kikohozi chake. Akawaambia wampe mpaka kesho asubuhi. Wakaaga vizuri. Hata mtoto wangu wakamuuliza hali yake walipopita mlangoni.

Elia alikuwa juu ya paa. Mama mkwe akamuita ashuke, akamkalisha kwenye kigoda karibu na ndama, mimi nikiwa mlangoni. Akamwambia walichosema. Elia akamjibu kwa haraka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwamba mashariki kunalia tangu jana, kunalia bila kushuka, hajawahi kusikia hivyo, mvua ipo njiani, wangoje siku mbili tu. Alikuwa na furaha. Maskini, alidhani amepata la kujitetea. Mama yake akamsogelea.

"Ikinyesha kabla sijalitupa, watasema umeogopa ukaifungua," akamwambia. "Ikinyesha baada ya kulitupa, watasema tumeifungua sisi. Isiponyesha kabisa, nitazika mwanangu. Katika hayo matatu niambie lipi lina nafasi yako."

Elia akaanza tena habari ya mashariki. Mama mkwe akasema basi nyamaza, niache mimi nichague.

Asubuhi akatoka chumbani kwake amevaa koti la marehemu mumewe, lile jeusi la kwenda kanisani, suruali ameifunga na kamba, kofia imemfunika masikio. Ningekuwa mgeni ningecheka. Nami nilivaa shati la Elia, nikamfunga mtoto mgongoni, maana kwenye jambo hilo mwanamke habaki. Yona, yule mkubwa, nikamuacha ndani na baba yake. Wanawake walifika wakiimba, fimbo mikononi, vumbi limewafunika. Mama mkwe akawasimamisha uani. Akawaambia kwa sauti ya kusikika ndani: "Elia nimemzaa mimi. Hili bakuli sikulizaa." Akapanda paa mwenyewe. Wawili wakamfuata. Nilikuwa karibu na mlango, nikachungulia, nikamuona Elia amekaa kwenye kigoda kilekile, mtoto kati ya magoti yake, uso ameuinua. Nyayo za mama yake zilikuwa zinapita juu ya kichwa chake. Udongo wa paa ulikuwa unamwagika kidogokidogo kwenye nywele zake na kwenye nywele za Yona, naye haufuti. Anasikiliza tu. Waya ulipokatwa, mluzi ulikatika. Nadhani mimi na yeye tu ndio tuliousikia ukikatika.

Mama mkwe alilibeba kichwani njia nzima. Wengine walitaka kumpokea, akakataa. Tulikwenda mpaka mbugani, pale mpaka wetu unapokutana na kijiji cha pili, mahali ambapo mwaka mzuri pana maji na bata, na mwaka ule palikuwa na matope yaliyokauka yakajikunja kama magome. Akalitupa. Wanawake wakalipiga fimbo mpaka likakunjika, kile kichwa chake kikaruka mbali, mtu akakitwanga kwa jiwe. Hakuna aliyelia. Tuligeuka bila kutazama nyuma, ndivyo inavyotakiwa. Njiani akanisubiri, tukatembea pamoja, koti linambana, jasho linamtiririka. Akaniambia, "Kitu kikitupwa, kimetupwa. Mtu akitupwa haokotwi." Nikaitikia ndiyo mama. Hilo nililielewa siku hiyohiyo, na nililielewa tena baadaye kwa namna ambayo yeye hakuikusudia.

Mvua ilinyesha kesho yake mchana. Ilikuja kutoka mashariki, palepale alipoonyesha Elia, na haikupita. Ilishuka kwa nguvu mpaka paa letu likavuja kila mahali, hasa pale dishi lilipokuwa limekaa. Nje watu walikuwa wanacheza kwenye matope, wanawake wanapiga vigelegele, wanaliita jina la Mbeleje. Ndani tulikuwa watu wazima watatu tusiojua tufanye nini na nyuso zetu. Tulikuwa na njaa, mvua tuliitaka kama wao. Elia alikinga bakuli chini ya tundu, akasema kwa upole, hakusema kwa kujivuna, kwamba alisikia sawasawa. Mama mkwe akageukia ukuta. Nilimuona mabega yake. Alikuwa amemuokoa mwanawe asiuawe, na mvua ile ikawa imetoa ushahidi wake mbele ya kijiji kizima: limetupwa, imenyesha. Nani angebisha?

Hawakumgusa. Hilo mama mkwe alilipata. Walimsalimia, mbukwa, kwa mbali. Watoto waliitwa ndani akipita. Alilima, akapanda, akapalilia, shamba letu lilitoa kama ya wengine. Lakini mvua ikisimama siku mbili tatu, kama mvua zinavyosimama, unaona mtu amekuja kuomba moto nyumbani kwetu na macho yake yako juu ya paa. Tulipomaliza kuvuna Elia akaniambia twende mjini. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyetuambia tubaki pia. Mama mkwe alikataa kuja, alisema akiondoka yeye itakuwa amekiri. Alibaki pale, anaheshimiwa kwa jambo ambalo lilimuua ndani, kila mwaka mbaya wanamfuata aongoze, na kila mara anaongoza. Mwanawe alikwenda kumuona kwenye misiba tu.

Elia aliendelea na magunia, baadaye akawa mlinzi, na hakushika waya tena maishani mwake. Mjini ving'amuzi vilikuja kuwa takataka, unavikuta vimerundikwa nje ya maduka ya mafundi na madishi yamekunjwa kama chapati. Alikuwa anapita anatazama mbele. Mara moja nilimnunulia kimoja kibovu sokoni, nikakiweka mezani bila kusema neno, maana mimi si mtu wa maneno ya hivyo. Alikipangusa vumbi kwa kiganja. Akakisukuma chini ya kitanda. Nilimuuliza hakifungui? Akasema, "Kikae tu, mama." Alipofariki kilikuwa bado kiko hapo. Tulimzika hukuhuku mjini. Hakutaka kurudishwa.

Basi nimetoka msibani kwa mama mkwe, kichwa kinauma, nguo zinanuka moshi, nikakuta mjukuu wangu Matika amekaa barazani kwenye mkeka. Amelitoa lile kasha la king'amuzi chini ya kitanda cha babu yake, amelifungua kwa kisu cha kumenyea, matumbo yote yametandazwa juu ya kanga. Na Yona, baba yake, aliyemwagikiwa udongo wa paa akiwa mdogo, alikuwa amesimama juu ya mtoto, amerudi kutoka ofisini Mtumba, viatu vinang'aa. Hakujua maneno aliyokuwa anayasema yalikuwa ya nani.

"Hicho ni cha kazi gani?"

Mtoto akasema anatazama tu.

"Kitakupa nini?"

Nilimuona Matika anaanza kutafuta uongo. Niliweka mkoba chini, nikawaita wote waliokuwa ndani watoke, hata aliyekuwa jikoni, nikawaambia nimesimama: "Katika nyumba hii, mtu akikutwa ameshika kitu chake anakitazama au anakisikiliza, mpiteni. Asiulizwe cha kazi gani wala kinampa nini, leo wala nikishazikwa. Na wewe Yona, vua hivyo viatu, umletee mwanao bisibisi."